Jibu: Rejimenti ya 54 ya Massachusetts baada ya Fort Wagner

Mkuu, umeuliza kama Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, ile ya askari weusi waliopigania upande wa Kaskazini dhidi ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, iliishia Fort Wagner. Haikuishia pale, ingawa ndipo ilipoumia zaidi. Jioni ya 18 Julai 1863 waliivamia ngome hiyo ya mchangani ya jeshi la Kusini karibu na Charleston, South Carolina, wakiwa kama 600. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea walizidi 250. Kanali wao, Robert Gould Shaw, aliuawa ukutani akazikwa shimo moja na askari wake. Sajenti William Carney aliiokoa bendera huku akivuja damu, nishani akaja kupewa mwaka 1900. Miaka 37!

Februari 1864 wakawa Florida. Huko Olustee jeshi la Kaskazini lilichapwa, wao wakabaki nyuma kumzuia adui ili wenzao warudi salama. Kichwa cha treni ya majeruhi kikaharibika njiani. Wakafunga kamba, wakaivuta kwa mikono maili kadhaa. Mimi hiyo hunigusa kuliko hata Wagner.

Na muda wote huo mshahara hawagusi. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wazungu, wakaletewa 10, tena 3 zikatwe za nguo. Wakagoma kupokea hata senti, hadi Bunge la Marekani liliposawazisha malipo mwaka 1864.

Halafu wakapigana Honey Hill, Novemba 1864, na Boykin's Mill, Aprili 1865, zote South Carolina, siku chache baada ya Jenerali Lee wa Kusini kusalimu amri kule Virginia. Agosti wakaruhusiwa kurudi makwao.