Fundi wa Sauti Anajibu: Deki ya baba mdogo, niiboreshe au ninunue nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninafundisha sekondari hapa Tanga, naishi Chumbageni. Baba yangu mdogo alikaa Maskati miaka mingi, na aliporudi mwaka 1996 alikuja na deki ya CD ya Kijapani, ile nzito ya kuweka diski moja, pamoja na sanduku zima la CD za taarabu. Alipofariki, vyote vikaja kwangu.

Tangu masika deki imeanza vituko. CD za dukani inazisoma, lakini hukaa ikifikiri kwanza. Ikifika wimbo wa mwisho inarukaruka. Zile alizonichomea shemeji kwenye kompyuta haizitambui kabisa, inaandika kwamba hakuna diski. Fundi wa hapa mjini ameniambia atabadilisha lenzi, na kwa kuwa atakuwa ameshaifungua, ataniwekea pia opampu (chipu za kukuza sauti) za kisasa, kapasita (vihifadhi umeme) za bei mbaya na saa mpya ya kristali, ile inayopanga mwendo wa deki, "iimbe kuliko za milioni mbili". Anataka 350,000. Na mpwa wangu aliye Dar anauza deki ya daraja la juu, iliyotumika, kwa 600,000. Nina amplifaya ya kawaida na spika mbili ndogo zilizotoka kwenye redio ya kaseti. Mume wangu anasema hivyo vyote ni takataka, nisikilize kwenye simu. Nifuate lipi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Fundi wako amekuwekea kazi mbili kwenye bei moja, nami nataka tuzitenganishe kabla hujafungua pochi. Kubadilisha lenzi ni matengenezo. Opampu, kapasita na saa ya kristali ni mapambo. Ya kwanza unaihitaji, ya pili anaihitaji yeye.

Tuanze na ugonjwa, maana dalili ulizoandika zinaeleza karibu kila kitu. CD ya dukani imebonyezwa kiwandani na ina utando wa alumini unaorudisha mwanga vizuri. CD ya kuchoma imepakwa rangi maalumu, na hurudisha mwanga pungufu. Deki inayosoma ya kwanza kwa kusitasita na kuikataa ya pili ni deki isiyoona sawasawa: ama lenzi imeingia ukungu wa vumbi na hewa ya chumvi, ama leza yenyewe imechoka. Wimbo wa mwisho ni habari nyingine. CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, kinyume cha santuri, kwa hiyo wimbo wa mwisho uko pembeni. Huko diski ikiyumba kidogo tu inaonekana, na kichwa kinachobeba lenzi kinakuwa kimefika mwisho wa reli yake. Grisi ya mwaka 1996 kwenye reli hiyo sasa imekuwa gundi. Kwa hiyo kabla ya spea yoyote, mwambie fundi asafishe lenzi kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, bila kuikandamiza, halafu afute grisi ya zamani na kupaka nyeupe mpya. Asitumie pafyumu wala spiriti ya kidonda. Na afungue mbele yako: kwenye mikoa yetu ya pwani mende hupenda kulala karibu na transfoma kwa sababu ya joto, na uchafu wao hula ubao wa saketi.

Ukimwona anashika bisibisi ndogo na kuzungusha kile kiskrubu kilicho ubavuni mwa kichwa cha leza, mzuie. Kinaongeza umeme wa leza. Deki itasoma vizuri ajabu, atakurudishia, utamlipa, na baada ya muda leza itakufa moja kwa moja. Mtindo huu umeua deki nyingi nchini kuliko radi.

Usafi ukishindwa, ndipo mbadilishe lenzi, yaani kichwa kizima cha leza. Geuza kichwa cha leza usome namba. Ukikuta KSS-213 au KSS-240, pumua. Hizo ni leza za Sony zilizofungwa kwenye deki za kampuni nyingi, na mpaka leo zinapatikana mpya, ingawa nyingi ni za kuiga. Usikubali kuuziwa kwa bei inayozidi kuku wawili wa kienyeji. Jambo moja ambalo mafundi vijana hawalijui: leza mpya huja na tone la risasi lililounganisha nukta mbili kwenye kibao chake, ili umeme tuli wa mikononi usiiue njiani. Tone hilo lazima liondolewe baada ya kuifunga. Asipoliondoa, leza haitawaka, naye atakwambia "hii mpya nayo mbovu".

Sasa hayo mapambo. CD ni namba tu: vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, kila kipimo kikiwa na tarakimu 16 za sifuri na moja. Sony na Philips walilipanga hivyo tangu 1980, na deki za kwanza zikaingia sokoni Japani 1982. Ndani yake kuna hesabu za kusahihisha makosa zinazoweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye njia ya kusomwa bila kupoteza hata namba moja. Maana yake, lenzi ikiona vizuri, namba zinazotoka ni zilezile zilizowekwa studio, iwe deki ya elfu themanini au ya milioni nane. Zinazobaki ni kazi za kugeuza namba kuwa umeme wa sauti, na kufikia mwaka 1996 kazi hiyo viwanda vilikuwa vimeshaimudu kitambo. Chipu iliyomo ndani ya deki ya baba yako mdogo haina kosa.

Kapasita nitakubali kwa sharti. Zikivimba kichwani, zikivuja, au ukisikia mvumo kwenye spika hata wimbo ukiwa kimya, zibadilishwe kwa thamani ileile, za kuhimili joto la nyuzi 105. Kinyume cha hapo ziache zilale. Kuhusu saa ya kristali, muulize fundi wako swali moja: iliyopo ina tatizo gani? Nami nasubiri jibu pamoja nawe.

Najua kuna wasomaji wataniandikia kwamba walibadilisha opampu na wakasikia "pazia limeondolewa". Ndugu zangu, pimeni volti kwanza. Deki ya CD ya kawaida hutoa volti 2 kwa sauti ya juu kabisa, na ukichezea saketi, kiasi hicho kinaweza kupanda kidogo. Sikio la binadamu likipewa sauti mbili, moja ikiwa juu kwa nukta ndogo tu, halisemi "hii ina nguvu zaidi", linasema "hii ni safi zaidi". Wekeni zote mbili sawa kwa mita, mtu mwingine abadilishe nyaya nyuma ya pazia, halafu mniandikie.

Kuna jambo jingine, mwalimu, na hili ni la sanduku lako. Kama humo mna taarabu ya Tanga ya zamani, Black Star na wenzao, zile zilirekodiwa kwa vifaa vya wakati wake na kuuzwa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Utamu wake uko kwa waimbaji na gitaa, na mkwaruzo wake umo ndani ya rekodi. Hakuna opampu itakayoongeza kisichokuwemo.

Deki ya mpwa wako sasa. Daraja la juu ni sawa, lakini nayo ni nzee, na leza huchakaa kwa masaa ya kazi bila kujali iliuzwa bei gani. Tena zile za kifahari mara nyingi zilitumia mitambo adimu. Mikono ya kuzunguka inayobeba leza ya Philips, ile iliyoitwa CDM, ilikuwa mizuri sana, lakini haitengenezwi tena. Ikifa unatafuta deki nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine. Mpigie mpwa wako umuulize leza yake ni namba gani, na spea inapatikana wapi. Akianza kukusimulia uzito wa deki na rangi ya dhahabu, umeshapata jibu. Ukienda kuiona, nenda na CD ndefu ya kuchoma, anza na wimbo wa mwisho.

Uamuzi wangu: lipa usafi na, ikibidi, lenzi. Mwambie fundi asiguse kingine. Hizo laki zilizobaki katafute spika nzuri za kabati, hata za mtumba, kwa sababu vile vispika vya redio ya kaseti ndivyo vinavyokunyima besi ya taarabu. Kuweka deki ya 600,000 mbele ya vispika hivyo ni kumvalisha bwana harusi joho la dhahabu na kandambili.

Na mumeo ana haki kwa nusu. Nakili CD zote kwenye kompyuta kwa mfumo wa FLAC, ambao haupunguzi chochote na huchukua takriban nusu ya nafasi. Diski za baba yako mdogo nazo zinazeeka, na nyingine hutazipata tena dukani. Ila deki usitupe.

SWALI: Fundi, nimeona deki ya CD ya mtumba kutoka Japani, safi, bei poa, ina tundu la dijitali nyuma. Niinunue?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Geuza nyuma usome volti. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa 100 V, na umeme wa Kenya ni 240. Ukiichomeka hivyohivyo utasikia mlio mmoja na harufu. Utahitaji transfoma ya kushusha mpaka 100. Ile ya 110 wanayokuuzia kwa vitu vya Marekani itakuwa inaipasha joto deki yako kila siku. Jumlisha bei ya transfoma, kisha linganisha upya. Tundu la dijitali ni faida kweli: chipu ya ndani ikiharibika siku moja, unaunganisha DAC ya nje (kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti) kwa waya mmoja na deki inaendelea na kazi ya kusoma. Lakini mwambie muuzaji aiwashe kwanza. Ukiambiwa "ilikuwa nzima Japani", endelea na safari yako.