Corolla 110 kukataliwa kwa moshi: angalia thamostati kabla ya kununua sensa na masega

Mkuu, umesema Corolla 110 yako ya 1998 imekataliwa kwenye kipimo cha moshi na mkandarasi unayetaka kumkodishia hapa Mtwara. Karatasi inasoma CO 3.8 (asilimia ya kaboni monoksidi), HC 420 (petroli isiyoungua), lambda 0.90 (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta), na fundi anataka ununue sensa ya oksijeni pamoja na masega ya ekzosi (katalitiki, inayosafisha moshi). Hela yako iache mfukoni kwanza.

Hiyo karatasi inajieleza. Lambda ikiwa chini ya 1, mafuta yamezidi hewa (petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja). CO kubwa nayo inasema hivyo hivyo. Ingekuwa plagi au koili haichomi, HC ingeruka juu kabisa na gari lingetetemeka likiwa sailensa (limesimama, injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Kwa hiyo moto upo, tatizo ni mafuta kumwagwa kupita kiasi.

Kwa magari ya huku kwetu, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto). Carina yangu niliinunua Masasi thamostati ikiwa imeshatolewa, halafu feni imeungwa dairekti, ukifungua switchi tu nayo inazunguka. Mafundi wanaitoa kwa imani kwamba joto la kusini haliihitaji. Matokeo yake maji yanapita kwenye rejeta muda wote na injini haifikii joto lake, hasa ukiwa mwendoni. Sensa ya joto la maji inaripoti kwamba injini bado baridi, na kontroli boksi linaendelea kuongeza mafuta. Taa ya cheki injini haiwaki, maana sensa yenyewe ni nzima na inasema kweli.

Kujua ni rahisi. Asubuhi washa gari, subiri kidogo, kisha shika rejeta (angalia vidole, feni ipo jirani). Yenye thamostati hubaki baridi kwa muda wakati injini inapata moto, halafu joto linaingia kwa mkupuo. Isiyo nayo inapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo. Na ukitoka mjini kwenda Mikindani, mshale wa joto ukikaa chini kabisa muda wote, jibu umepata.

Nunua inayofunguka nyuzi 82. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uione inafunguka. Ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu ili hewa itoke. Feni irudishiwe switchi yake ya joto, iwake injini ikipata moto tu. Fundi atakutisha kwamba gari litachemsha. Likichemsha, angalia rejeta: wengi humu tunajaza maji ya kisima yenye chumvi na yanaziba mirija. Izibue, weka kulanti. Yangu, baada ya hapo, CO ilishuka chini ya 1 bila sensa mpya.

Cha pili ni kutu, pwani hii haina huruma na chuma. Gasketi au bomba likitoboka kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inadhani mafuta ni machache na boksi linaongeza tena. Mtu azibe bomba la nyuma kwa tambara kidogo injini ikiwa imewashwa lakini bado baridi, wewe sikiliza mbele: utasikia "pfu pfu".

Vyote vikiwa sawa ndipo uigeukie sensa. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua switchi bila kupiga stata, hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa: 21 (mara mbili, inapumzika, mara moja) ni sensa ya oksijeni, 22 (mbili, inapumzika, mbili) ni sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Masega yawe ya mwisho kabisa. Ukiyafunga wakati injini bado inamwaga mafuta, mabaki yanaungulia humo humo na masega mapya yanaweza kuyeyuka. Siku ya kupima, lizungushe gari mpaka lipate joto vizuri na usilizime ukiwa foleni, kwa sababu masega yakiwa baridi hayafanyi kazi.