Maziwa "yalikwendaje" kuchacha?

SWALI: Mhariri, kwa nini Kiingereza husema "the milk went sour" ilhali maziwa hayakwenda popote? Je, "become" haitoshi?

JIBU: Ndugu msomaji, "become" ni sahihi mbele ya sifa na nomino, ingawa katika mazungumzo husikika rasmi mno. Kitenzi "go" hupenda mabadiliko ya kuharibika, kama maziwa kuchacha au mtu kupofuka, lakini hakiandamani na uzee wala uchovu, ambako husemwa "get old" na "get tired". Kiluwiluwi kinapogeuka kuwa chura, andika "turned into a frog", wala usiiache "into", kosa ninaloliona mara nyingi. Sisi tunasema tu "yamechacha", kwa kuwa kitenzi chetu hubeba badiliko lote ndani yake.