Kabla hujashika msasa

Kasha kuukuu lililoletwa kutengenezwa likishateremshwa kwenye pikapu, limefunikwa mkeka, mkono utakuwasha ulipanguse ling'ae. Acha kwanza. Mpe mwenyewe kiti, umuulize: lilikaa chumba gani? Nani alikuwa na ufunguo? Mkitia nini ndani? Andika majibu.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili nililetewa kasha la njumu, yaani lililopambwa kwa misumari ya shaba, la bibi mmoja wa Wete, la mbao za msaji. Ndani ya kifuniko mlikuwa na michirizi myeusi, nikaipiga msasa mpaka mbao ikatakata. Bibi alipokuja kulichukua alifunua, akapitisha kiganja pale kwenye kifuniko, akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, baba alikuwa akituandika humu. Kila mtoto akizaliwa." Zilikuwa herufi za Kiarabu zilizofifia, mimi niliona uchafu. Alinilipa pesa zote bila kupunguza hata shilingi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo piga picha kila upande, na ndani pia, kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavuni. Mwanga wa kupita pembeni huonyesha mikwaruzo na maandishi ambayo jua la mlangoni halionyeshi. Kijisanduku cha ndani kifungue mwenyewe akiwepo. Nimeshakuta hirizi, kijaluba cha tambuu, na karafuu zilizokauka mpaka hazina harufu. Vyote virudi mahali pake, hata karafuu.

Kuhusu shaba: ndimu na majivu huing'arisha kweli, lakini asidi ikinywewa na mbao huacha duara jeupe kila penye kichwa cha msumari. Mimi hukata kipande cha filamu kuukuu ya eksirei, nikatoboa tundu la kipimo cha kichwa kimoja, nikakivisha msumari, kisha nikasugua kwa kitambaa kikavu. Msumari mmoja, halafu mwingine. Kasha kubwa hula siku tatu kwa njumu tu, na hapo ndipo vijana wengi hunikimbia.

Bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, usiwapige dawa kabla hujajua kama wako hai. Tandika karatasi nyeusi chini ya kasha usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga mpya, wapo. Anza kutazama miguu na migongo ya droo, maana huko mafundi wa zamani waliweka mbao dhaifu, na msaji wakauweka panapoonekana. Skrubu ziwe za shaba. Za chuma hula kutu kwa hewa yetu ya bahari na kuacha doa jeusi kwenye mbao. Mafuta ya nazi usipake, kwani huvunda na kushika vumbi. Nta ya nyuki kidogo inatosha.

Wapo watakaokwambia, "Fundi, nalitaka kama jipya." Hao wapeleke kwa wauza makasha mapya, wapo tele Mji Mkongwe na kazi zao nzuri. Ila mwenye kasha lenye alama ya kikombe juu yake, muulize kikombe kilikuwa cha nani kabla hujaifuta.

Kitambaa na daftari utavikuta mezani. Msasa uko kabatini, na ufunguo ninao mimi.