Gitaa kuukuu la umeme: lifungue kabla hujaamini

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kukagua magitaa ya zamani lilianzia kwenye namba. Niliuziwa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, niliyoambiwa ni ya mwaka 1963. Bamba la chuma la nyuma, pale shingo inapofungwa kwenye mwili, lilikuwa na namba inayokubaliana na mwaka huo, nami nikaridhika. Nilipolifungua baadaye nikakuta bamba ni la kweli, gitaa silo. Bamba lile linashikwa na skrubu nne tu. Mwenye bisibisi analihamisha kwa dakika chache. Tangu siku hiyo namba naisoma mwisho.

Swali la "halisi au bandia?" nalo liweke kando kwanza. Magitaa mengi ya zamani ni mchanganyiko: shingo ya kiwandani, mwili uliopakwa rangi upya, pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za kubadilisha, funguo za nyuzi za juzi. Kila kipande kihoji peke yake. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, lihesabu kuwa gitaa lisilojulikana na ulipe hivyo, au uondoke.

Anza na shingo. Kwenye Fender za miaka ya 1950 na 1960, kisigino cha shingo, yaani ncha inayoingia mwilini, mara nyingi kina tarehe ya penseli au ya muhuri wa wino. Hiyo ni tarehe ya shingo, si ya gitaa zima, kwa hiyo tofauti ya miezi michache na vipande vingine isikutishe. Utazame pia ubao wa vidole kwa pembeni, upande wa kisigino. Kwenye Stratocaster, Fender walianza kutumia ubao wa mti wa rosewood mwaka 1959, ukiwa mnene na bapa kwa chini; kuanzia 1962 wakaufanya mwembamba na uliopinda. Ukiambiwa ni gitaa la 1960 na ukaona mstari wa muungano umepinda, mwaka huo umekosewa au shingo imetoka kwingine.

Kisha ingia ndani, maana huko ndiko kwenye habari nyingi. Vidhibiti vya sauti vina tarakimu zilizogongwa kwenye kopo la chuma. Chukua 304 6319: 304 ni kampuni ya Stackpole, 63 ni mwaka 1963, 19 ni wiki. Ukikuta 137, hiyo ni kampuni ya CTS. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vidhibiti vyake, ikiwa havikubadilishwa, lakini linaweza kuwa changa zaidi: Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966 wakaendelea kuitumia kwa miaka kadhaa.

Kujua kama vilibadilishwa, sogeza tochi kwenye risasi ya kuchomelea. Risasi ya zamani imefifia, ina rangi ya kijivu, na vumbi limeigandia. Iliyoyeyushwa tena hung'aa, na pembeni yake mara nyingi utaona utomvu wa kahawia uliochemka upya, au kipande cha waya wa zamani kilichokatwa na kuachwa ndani ya tone. Hicho kipande kidogo kimewahi kuniambia zaidi ya maelezo yote ya mwenye gitaa.

Rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hugeuka manjano na kupasuka nyufa nyembamba. Nyufa zilizonyooka sana na kulingana kama mistari ya daftari nazitilia shaka. Tumia taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti. Vanishi kuukuu hutoa mng'ao wa kijani-manjano, na sehemu iliyopakwa baadaye huonekana kama kiraka. Kwenye magitaa ya kampuni ya Gibson, elekeza taa hiyo nyuma ya shingo inapokutana na kichwa, kwa sababu ndipo panapovunjika sana. Kwenye Fender za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, tafuta chini ya bamba la mbele vitundu vya misumari iliyoshikilia mwili wakati wa kupaka. Vitundu vya kweli vina mti mtupu ndani. Vikiwa na rangi, mwili umepakwa upya.

Freti mpya, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatiza ubao wa vidole, hazinisumbui hata kidogo. Gitaa lililopigwa miaka mingi lazima libadilishwe freti. Pikapu pia hurudishwa, hasa zile za awali zikiwa zimetunzwa kwenye mkoba. Kinachoniuma ni mti uliochongwa ili pikapu kubwa zitoshe, au kichwa kilichotobolewa kwa ajili ya funguo nyingine. Mti huo haurudi.

Piga picha kabla ya kugusa chochote, na skrubu zipange kama zilivyotoka. Ukirudisha shingo, zungusha kwanza kila skrubu kinyume mpaka uisikie ikidondokea kwenye mkondo wake wa zamani, ndipo ukaze. Ukilazimisha utachonga mkondo mpya, na tundu litalegea.