Muulize Nahodha: "Majaketi yapo"

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mwezi wa saba tunataka kwenda kisiwani Mbudya na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Mwenye boti wa Kunduchi ameniambia kwenye simu nisiwe na wasiwasi, majaketi ya kuokolea yapo. Mimi kuogelea sijui. Nimuulize nini kingine?
Mama Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimuulize, mwambie akutolee uyaone. "Yapo" mara nyingi maana yake yamesokomezwa omo, mbele kabisa ya boti, chini ya nanga na dumu la petroli. Najua, maana ya kwangu yalikaa huko huko miaka. Siku moja narudi jioni na wageni sita, pangaboi la mashine likanasa kipande cha wavu, mashine ikazima, boti ikakaa ubavu kwa wimbi. Kuyavuta majaketi, kamba zimeshikana kwa chumvi, mafundo hayafunguki. Nikawa nakata kwa kisu huku kijana wangu anafua maji kutoka botini kwa kopo. Wavuvi walituvuta hadi pwani, hakuna aliyeumia. Tangu siku ile kwangu jaketi linavaliwa mchangani, kabla mguu haujaingia botini. Asiyetaka namrudishia nauli yake.

Huyo wa miaka minne mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni ni kubwa, majini atachomoka. La mtu mzima halimfai hata ulikaze vipi. Kama la mtoto hana, tafuteni boti nyingine.

Mwezi wa saba ni kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini. Asubuhi bahari huwa na nafuu, mchana upepo unakaza. Vukeni saa mbili, rudini kabla ya saa nane. Pale kisiwani mnaposhukia pamekingwa, maji utayaona kama ya kwenye beseni udhani kote kumetulia. Subiri mtoke kwenye kivuli cha kisiwa! Picha za machweo kapigieni Kunduchi.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la boti na saa ya kurudi. Wakitokea pomboo, msikimbilie wote upande mmoja na simu zenu. Na mdogo atataka kukaa omo, watoto wote hupenda huko. Mkalishe katikati, karibu na shetri, yaani nyuma ya boti. Omo ndiko boti inakopiga mawimbi.