Chaneli haisukumi ioni: majibu ya maswali yenu

*Chaneli ya sodiamu hutumia ATP ngapi? (Kidato cha sita, Kondoa)*

Hata moja (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya seli). Swali hili haliishi, kwa sababu ubaoni chaneli na pampu huchorwa kwa mshale uleule. Chaneli ni protini yenye tundu kwenye utando wa seli. Ikifunguka, ioni, yaani chembe zenye chaji kama sodiamu na potasiamu, hupita zenyewe zikifuata tofauti ya ukolezi na ya umeme. Anayekula ATP ni pampu: kwa ATP moja hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Pampu hupitisha ioni mamia kwa sekunde, chaneli iliyo wazi mamilioni.

*Kwa nini chaneli ya potasiamu huikataa sodiamu, nayo ndiyo ndogo? (Mwanafunzi, UDOM)*

Afadhali wewe umefikiri. Ioni hutembea imevaa molekuli za maji, na kuyavua kunagharimu nishati. Penye wembamba wa chaneli, oksijeni za protini zimepangwa kwa umbali unaoitosha potasiamu, yenye nusu-kipenyo cha nanomita 0.133: inavua maji, inapokewa na oksijeni nane, gharama inarudi. Sodiamu, nanomita 0.095, haizifikii zote kwa pamoja, hivyo haina faida ya kuvua. Roderick MacKinnon alionyesha umbo hilo mwaka 1998, akapata Nobel 2003. Kwa hiyo acheni kuandika kwenye mitihani kwamba ni kama chujio la chai.

*Ganzi haishiki kwenye jipu. Dawa ni feki? (Tabibu, Mpwapwa)*

Tazama usaha kwanza. Lignokeini, dawa ya ganzi, huziba chaneli ya sodiamu kutokea ndani ya neva, na huvuka utando ikiwa haina chaji. Penye usaha pana asidi, dawa nyingi inabaki na chaji, inaishia nje. Usiongeze dozi; choma pembeni, kwenye tishu nzima. Bila adrenalini, usivuke mg 3 kwa kilo: ikizidi inaziba chaneli za ubongo na moyo, degedege linafuata.

*Mbu anatua kwenye chandarua chenye dawa na hafi. (Kongwa)*

Pairethroidi huishikilia chaneli ya sodiamu ya mbu ibaki wazi. Wapo mbu ambao chaneli yao imebadilika, dawa haiinasi vizuri. Ziba matundu, endelea kulala ndani.

*Mgonjwa mahututi, potasiamu naweza kuisukuma kwa sindano? (Muuguzi, Dodoma mjini)*

Hapana. Ichanganywe kwenye dripu, na wodi ya kawaida isipite mmol 10 kwa saa. Ndani ya seli potasiamu ni kama mmol 140 kwa lita, nje 3.5 hadi 5. Ukiipandisha ya nje ghafla, chaji ya utando inapungua, chaneli za sodiamu za moyo zinajifunga na kugoma kufunguka, moyo unasimama. Na vichupa vyake vitoeni kwenye rafu ya maji ya kuchanganyia dawa. Leo, si kesho.